Anayefunga Kifuniko

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza leo saa nne, na daftari hili nimelianza saa nne na dakika tano, maana nisipofanya kitu nitapasuka. Mkataba wangu kule ofisini uliisha mwezi wa kwanza. Nimerudi kwa wazazi, nalala kwenye chumba changu cha zamani pamoja na magunia mawili ya redio mbovu na televisheni tatu zisizo na vioo. Baba ni fundi. Miaka thelathini na moja duka lile lile, mlango ule ule wa bluu, na simu ikilia anajibu vile vile: "Haloo, fundi hapa."

Jana mshonaji wa ng'ambo ya barabara, shoga yake mama, alileta kipande cha gazeti. Chuo cha ufundi kinatafuta mwalimu wa kutengeneza vyombo vya umeme. Cheti si lazima. Mwenye uzoefu aweke kazi zake kwenye tovuti, kisha atume anwani ya tovuti hiyo kabla ya Ijumaa tarehe 29 Mei, aitwe kwenye majaribio. Baba amewahi kuomba nafasi chuo hicho mara mbili, na mara zote mbili cheti ndicho kilichomkwamisha. Alikisoma kipande kile taratibu, akakikunja, akakitia mfuko wa shati.

Mimi tangu nikose kazi najifunza Python. Nikaruka hapo hapo: "Baba, tovuti nitakutengenezea mimi!"

Mama akasema, "Usimsumbue baba yako."

Nani kamsumbua? Mama ana tabia ya kumwagia watu maji ya baridi. Hata chai ya baba anaimimina nusu kikombe tu, kama ya mgonjwa.

Alhamisi, 12 Machi

Nilifanya kosa la kumwambia mama kwamba Python maana yake chatu. Sasa kila asubuhi ananiuliza mbele ya watu: "Chatu wako amekula?"

Jumamosi, 14 Machi

Mpango wangu ni huu. Faili la kwanza linaitwa mipangilio.py, na humo nimeweka kila kitu kinachoweza kubadilika: jina la fundi, simu, mahali duka lilipo, rangi ya ukurasa. Faili la pili ni orodha ya kazi. La tatu ni kiolezo, yaani ukurasa wenye mashimo. Programu inasoma mafaili mawili ya kwanza, inajaza mashimo, tovuti inatoka. Ukitaka tovuti ya mtu mwingine hugusi kiolezo, unabadilisha jina na orodha basi.

Nilimweleza baba dukani. Alisikiliza kichwa kimeinama, mikono mfukoni, akasema, "Kumbe ni kama kasha la redio. Kasha moja, mashine ya ndani unabadilisha."

Mtu aliyeishia darasa la saba kaelewa kwa dakika moja jambo lililonichukua wiki tatu. Nikaona raha, halafu nikaona wivu.

Jumapili, 15 Machi

Baba amenipa madaftari ya duka. Ni manne, mazito, yamebandikwa gundi mgongoni. Kila kazi ina mstari wake: tarehe, chombo, mwenye chombo, ugonjwa, dawa. Ndiyo, baba huandika kama daktari. "Ugonjwa: inakohoa ikipandishwa sauti. Dawa: spika mpya." "Ugonjwa: mende. Dawa: kuwafukuza."

Mwisho wa mstari kuna alama. Hiyo ndiyo sheria ya duka, na baba hana sheria nyingine: anayefunga kifuniko cha chombo, yaani aliyekitengeneza mpaka mwisho, ndiye anayeweka alama yake. Ya baba ni duara. Kwenye daftari la pili kuna mraba pia, wa baba mdogo, aliyefanya kazi hapa miaka sita. Siku moja baba mdogo aliweka mraba kwenye redio ambayo baba ndiye aliyeifunga. Redio moja tu. Baba akamfukuza, na mpaka leo wanasalimiana misibani tu.

"Kazi zake usizichanganye na zangu," aliniambia leo. "Mtenganishie ukurasa wake. Zile alizozifanya alizifanya kweli."

Kwa hiyo nimeandika kitanzi: programu ipite orodha yote, na kila ikikutana na alama mpya itengeneze ukurasa wa alama hiyo, wenye kazi zake peke yake. Mistari minane. Nimeipenda sana.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Nimenakili kazi arobaini.

Jumatano, 18 Machi

Umeme umekatika tangu asubuhi. Chatu hajala.

Jumatatu, 23 Machi

Saa mbili nzima programu imekataa kuwaka kwa sababu ya mstari wa kumi na nne, ambao nilikuwa nimeusogeza kwa nafasi tatu badala ya nne. Nafasi! Kitu ambacho hata hakionekani! Nilipiga meza, mama akachungulia, akasema, "Kaumwa na nyoka wake huyo," akaenda zake akicheka peke yake ukumbini. Na mimi nikacheka, lakini alipokuwa ameshafika mbali.

Jumapili, 29 Machi

Nimebadilisha rangi mara sita leo. Bluu ya mlango wa duka, kijivu, chungwa, kijani. Mama akasema kijani kile kama dawa ya minyoo. Najua kwa nini nachezea rangi: kubadilisha rangi ni mstari mmoja kwenye mipangilio na matokeo unayaona papo hapo, wakati maisha yangu mengine yote hayana mstari wa kubadilisha. Nimeomba kazi tisa. Hakuna hata mmoja aliyejibu.

Alhamisi, 9 Aprili

Madaftari manne yamekwisha. Kazi mia nne kumi na mbili za duara, sitini na tatu za mraba. Lakini daftari la nne linaishia miaka miwili iliyopita. Nimemuuliza baba la tano liko wapi. Akajifanya anatafuta bisibisi.

"Hayo manne yanatosha," akasema.

"Baba, watauliza, huyu miaka miwili hii alikuwa wapi?"

"Waambie nipo."

Nikamfuata mama nyuma ya pazia, maana duka lina pazia la khaki, na nyuma yake kuna meza ya kazi na kiti ambacho mama hukaa mchana akisema anapumzisha mgongo. Akaniambia daftari limelowa mvua. Liko wapi tulianike? Limelowa, basi.

Ijumaa, 10 Aprili

Wananificha kitu. Nadhani baba amechoka na hataki kusema. Kazi zimepungua, daftari la tano litakuwa kurasa mbili tupu, na mama anamfichia aibu. Halafu nikiuliza, naitwa kiherehere! Nina hasira na wote wawili. Nimezunguka chumba hiki cha magunia mpaka mguu umegonga televisheni.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua wiki nzima, barabara ni mto. Wateja wanakuja hivyo hivyo, wamefunika redio zao kwa mifuko vizuri kuliko walivyojifunika wenyewe. Kumbe kazi hazijapungua. Leo nimehesabu watu saba. Baba anapokea, anasikiliza, anatikisa chombo sikioni, anasema, "Njoo Alhamisi." Hamna aliyekuja Alhamisi akaambiwa bado.

Sasa ndiyo sielewi kabisa.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimeiba. Sina neno jingine. Mama alikwenda mkutano wa kikundi cha akina mama, baba akatoka kumpelekea mtu feni. Nikaingia nyuma ya pazia. Daftari la tano lilikuwa kwenye droo ya meza ya kazi, chini ya miwani ya mama, kavu kabisa! Nikapiga picha ukurasa mmoja mmoja kwa simu, nikalirudisha na miwani juu yake.

Limejaa. Limejaa karibu mpaka mwisho.

Jumanne, 28 Aprili

Nanakili kutoka kwenye simu. Mwandiko ni wa mama, lakini hilo nalijua: tangu daftari la nne baba anataja, mama anaandika. Jambo geni ni kwamba mwisho wa mistari kuna pembetatu badala ya duara. Baba kabadilisha alama. Uzee huo. Nitaziunganisha baadaye, kwanza ninakili.

Jumapili, 3 Mei

Kazi mia moja na tisa. Na si kazi za mchezo. Kuna kipaza sauti cha shule ambacho mafundi watatu walishindwa. "Ugonjwa: kimekufa. Dawa: siku tatu."

Baba yangu ni bingwa. Kwa nini anajificha?

Ijumaa, 8 Mei

Imepanda hewani! Leo saa sita mchana nimeiweka tovuti mtandaoni. Dakika ya mwisho nikabadilisha rangi tena, nikaweka nyekundu, nyekundu iliyokolea ya rangi ya kucha, na alama zote zikatoka kubwa juu ya kurasa zake kama mihuri. Nikamtumia anwani mshonaji awe wa kwanza kuona. Sijawaambia wazee. Kesho nitawashtukiza.

Jumamosi, 9 Mei

Naandika hili nikiwa nimekaa juu ya gunia, mlango nimeufunga.

Saa tatu asubuhi duka lilikuwa na wateja watatu. Baba kaunta, mimi kando yake naandika risiti, mama nyuma ya pazia. Mvua imekata kidogo. Mshonaji akavuka barabara anaruka madimbwi, simu mkono mmoja, sufuria mkono mwingine, anacheka tangu kule ng'ambo.

"Shoga! Shoga, toka huko! Pembetatu yako imefikaje kwenye mtandao?"

Akaweka simu juu ya kaunta. Tovuti yangu. Ukurasa wa tatu, ambao programu ilikuwa imeutengeneza yenyewe kama nilivyoiamuru, maana nilisahau kuziunganisha na duara: pembetatu kubwa nyekundu, na chini yake kazi mia moja na tisa. Halafu akaigeuza ile sufuria chini juu, akaiweka kando ya simu.

Kila mtu mtaani hupiga alama vyombo vyake visipotee vikiazimwa. Vya kwetu, mama huvipaka rangi ya kucha kwenye kitako. Pembetatu nyekundu. Nimeziosha sufuria zile miaka ishirini. Nimeandika neno "pembetatu" mara mia moja na tisa kwa vidole vyangu mwenyewe, na sikuiona!

"Kikundi kizima tumeshaiona," mshonaji akaendelea, maskini, hakuwa na ubaya wowote. "Nikasema, huyu mwenzetu anasema anapumzisha mgongo, kumbe anafumua maredio!"

Hakuna aliyecheka. Mteja mmoja, mwenye spika kubwa ya kwaya, akamtazama baba. "Fundi, hii yangu mwaka jana aliitengeneza nani?"

Baba alikuwa ameweka mkono wa kulia juu ya kaunta. Ulikuwa unatetemeka. Si kidogo. Risiti zilizokuwa chini yake zilikuwa zinacheza. Akauwekea mkono wa kushoto juu, na wa kushoto nao ukaanza. Hapo ndipo nilipokumbuka mikono mfukoni, kikombe nusu, mambo yote niliyoyatazama miezi miwili bila kuyaona.

"Nimekuuliza, fundi."

"Imeharibika tena?" baba akauliza.

"Pale palipotengenezwa hapajaharibika, leo ni ugonjwa mwingine. Lakini mimi nilimletea fundi, sikumletea mama."

Akabeba spika yake akaondoka nayo bila kutengenezwa. Wa pili akamfuata. Wa tatu akabaki, nadhani kwa sababu ya mvua. Mama hakutoka nyuma ya pazia. Baba akazunguka kaunta, akamwomba radhi yule wa tatu, akafunga mlango wa bluu saa tatu na nusu asubuhi, jambo ambalo sijawahi kuliona nikiwa hai, akatembea mpaka nyumbani bila mwavuli.

Jumapili, 10 Mei

Baba hajatoka chumbani. Mama amekaa jikoni anachambua mchele ambao ameshauchambua. Nilikaa chini kando yake.

"Ulianza kwa kijiko," akasema mwishowe. "Kijiko kinagonga kikombe, kinagonga kikombe. Halafu bisibisi. Siku moja akaangusha chuma cha kulehemu kikamuunguza paja, akasema, hebu nishikie wewe, mimi nitakuelekeza. Akawa anaelekeza. Baada ya miezi kadhaa hakuwa na la kuelekeza. Miaka thelathini nimekaa nyuma ya pazia lile, ulidhani nilikuwa natazama ukuta?"

"Mbona hamkutuambia?"

"Tukwambie wewe? Wewe unayeweka vitu mtandaoni?"

Nilistahili. Nikamsaidia kuchambua mpaka mchele ukaisha, kisha nikauliza swali lililokuwa linaniwasha. "Lakini mama, mlikuwa mnaficha. Si ungeweka duara tu? Hakuna ambaye angejua."

Alinitazama kama nimetukana. "Kwenye daftari la baba yako? Mtaa mzima nimeudanganya, na nyie wanangu nimewadanganya. Lile daftari siwezi." Akanyanyuka na ungo wake. "Sasa ondoa kile kitu. Ile pembetatu. Baba yako apate kutoka nje."

Jumatatu, 11 Mei

Mstari mmoja. Kabla ya kitanzi nimeandika: alama ikiwa pembetatu, isome kama duara. Nikapakia upya. Ukurasa wa tatu ukatoweka, na baba akawa na kazi mia tano ishirini na moja.

Nikavuka barabara kumwambia mshonaji kwamba yale yalikuwa makosa ya kompyuta. Akasema, "Ahaa," huku akiutazama uzi, si mimi.

Jumatano, 13 Mei

Duka limefunguliwa. Baba kaunta, mama nyuma ya pazia. Mama amenikaangia mayai. Kila mtu ananishukuru.

Alhamisi, 14 Mei

Silali vizuri usiku, sikai vizuri kwenye kiti, siwezi kusoma. Kompyuta haikukosea. Ndicho kitu pekee katika nyumba hii ambacho hakikusema uongo, na mimi ndiye niliyekifundisha.

Jumamosi, 16 Mei

Mvua ya upepo. Bati la choo limeng'oka.

Jumatatu, 18 Mei

Nimefungua lile faili mara nyingi leo. Naufuta ule mstari, naurudisha. Naufuta, naurudisha. Nikiuacha, baba ataitwa kwenye majaribio, atapewa chuma cha kulehemu mbele ya walimu, na mikono ile. Nikiufuta, ni yale yale ya Jumamosi ile ya spika. Na ikiwa sitatuma chochote, itakuwa kama siku zote, baba na kipande cha gazeti mfukoni. Siku kumi na moja zimebaki.

Jumatano, 20 Mei

Leo adhuhuri baba ameniita dukani. Mvua ilikuwa inapiga bati, hakuna mteja. Akavuta kiti.

"Nisomee tovuti yangu."

"Yote?"

"Una safari?"

Nikamsomea, naruka ruka. Alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa, mara nyingine anatabasamu. "Ile ya mende! Mwenyewe aliniapia kwamba kwake hakuna mende." Nikaendelea. Redio za zamani, feni, pasi. Nikaingia miaka miwili ya mwisho na sauti yangu ikapungua, sikutaka lakini ilipungua. Nikafika kwenye kipaza sauti cha shule.

"Rudia."

"Kipaza sauti cha shule. Ugonjwa, kimekufa. Dawa, siku tatu."

"Alama?"

"Duara."

Alifumbua macho. "Kipaza sauti kile niliking'oa waya mbili kwa mkono huu, nikijaribu tu kukifungua. Mama yako alikaa nacho siku tatu, mgongo wake ule ule. Siku ya tatu kikazungumza, yeye akalia." Nyuma ya pazia nako hakukuwa na sauti, hata kiti hakikulia. "Zipo ngapi hizo ulizonipa?"

"Mia moja na tisa."

"Nilimfukuza ndugu yangu kwa redio moja, mwanangu. Moja. Wewe umenipa mia moja na tisa."

"Mama alisema niondoe ili wewe..."

"Nimesikia alichosema, kuta zenyewe za mbao zile. Alinihurumia. Na wewe umenihurumia. Rudisha."

"Na wateja?"

"Wanaotaka kwenda waende. Mvua ikiisha redio zao zitakohoa, watarudi wenyewe."

Niliufuta ule mstari pale pale kwenye kaunta. Nilidhani tumemaliza. Baba akatoa mfukoni kile kipande cha gazeti, kimeshakatika kwenye mikunjo, akakilaza mbele yangu.

"Na hapo kwenye jina. Nionyeshe panapoandikwa jina la fundi."

Nikamfungulia mipangilio.py. Mstari wa kwanza kabisa. Jina lake liko pale tangu tarehe 14 Machi.

Hapo pazia likafunguka kwa nguvu mpaka pete moja ikadondoka. "Usithubutu," mama akasema. "Mimi si fundi. Mimi nimemshikia mwenzangu chuma, basi. Mkono wako ukipona nakurudishia."

"Nani kaniambia mkono utapona? Daktari hajaniambia, na wewe hujaniambia."

"Na hicho kikaratasi je? Umekibeba miezi miwili kifuani ukiota nini?"

Baba akakigusa kile kipande. "Wiki ya kwanza nilikuwa najiota mimi," akasema. "Sitakudanganya. Nilijiona nimesimama mbele ya wanafunzi na koti jeupe. Wiki ya pili nikajaribu kukunja karatasi hii hii, nikashindwa, ikabidi niikandamize kwa goti. Tangu hapo nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Mimi nisimame mbele ya watu, na sketi yangu hii? Wanicheke?"

"Kile kipaza sauti. Ulifunga kifuniko au hukufunga?"

Mama akatazama pembeni.

"Nakuuliza kama ninavyomuuliza fundi yeyote wa duka hili. Ulifunga?"

"Nilifunga."

"Basi."

Akaivuta kompyuta. Nikataka kumwandikia, akanikata jicho. Kidole kimoja, cha kushoto, kikishikiliwa kifundoni na mkono wa kulia. Akafuta jina lake herufi moja moja, kwa sababu hajui njia ya mkato na mimi sikumwonyesha. Kila herufi aliyoibonyeza ilitoka mbili tatu, akarudi nyuma, akaanza tena. Jina la mama, kisha jina la babu mzaa mama. Ilichukua dakika ishirini. Mama alisimama ameishika ile pete ya pazia, machozi yanamtoka, hajifuti.

"Lakini mimi usinifute," baba akaniambia alipomaliza. "Zile mia nne na kumi na mbili ni zangu. Niwekee ukurasa wangu pale nyuma."

Nikamwambia hakuna cha kuweka. Ukurasa wake upo, kitanzi kinautengeneza chenyewe.

Alhamisi, 21 Mei

Mama ameamka akitaka rangi ibadilishwe. Nyekundu inamfanya aonekane anatangaza vyombo vilivyopotea. Amechagua bluu ya mlango.

Jumanne, 26 Mei

Nimetuma. Mvua nyepesi.

Ijumaa, 29 Mei

Mwenye spika ya kwaya amerudi. Inakwaruza. Alisimama kaunta akijikuna shingo, kisha akamuuliza baba, "Mama yupo?" Mama akamjibu kutoka nyuma kwamba aiache, aje Alhamisi. Sauti yake ilikuwa kavu, nadhani aliifanyia mazoezi.

Jumatatu, 1 Juni

Jua. Viatu vyote vya nyumba hii viko nje ukutani. Mshonaji ameniletea gauni alilonishonea bila kuombwa. Nikamwambia hayakuwa makosa ya kompyuta. Akasema alijua tangu siku ile, mimi kudanganya sijui.

Jumatano, 3 Juni

Leo saa tano nilikuwa dukani na kompyuta yangu. Mshonaji naye anataka tovuti ya magauni yake, nami nimemwambia nitabadilisha jina na orodha, kasha ni lile lile. Mama alikuwa mbele leo, amekivuta kiti chake mpaka dirishani apate mwanga, pasi ya mtu imefunguliwa mapajani. Pazia limefungwa pembeni kwa uzi.

Simu ya duka ikalia. Baba akainyanyua kwa mikono miwili, kama anavyofanya siku hizi bila kujificha.

"Haloo," akasema, akasimama hapo, kwa sababu miaka thelathini na moja kuna maneno mawili yanayofuata.

Sauti ya upande wa pili nikaisikia, ni ya mwanamke, imechangamka. Anapiga kutoka chuo cha ufundi, ofisi ya majaribio. Wameiona tovuti. Je, anazungumza na fundi?

Mama alikuwa ameacha kufungua pasi. Baba akamtazama, akanitazama mimi.

"Hapana, mama," akasema kwenye simu. "Ngoja nimwite fundi."